Rangi Mpya Hushusha Bei ya Baiskeli

Mtu akishaamua kuuza baiskeli, wazo la kwanza linalomjia ni rangi. Atanunua kopo dogo la rangi ya mafuta, apige msasa palipoota kutu, apake fremu yote mpaka madigadi, aianike juani, kisha aitoe barabarani ikimeremeta. Hajui kwamba kwa kazi hiyo ya nusu siku ameipunguzia thamani. Anayenunua baiskeli mkononi mwa mtu mara nyingi ameshamiliki mbili tatu kabla ya hiyo, na akiona alama za brashi juu ya fremu ya Phoenix hujiuliza maswali mawili tu: imefichwa nini, na imetoka wapi? Rangi hufunika ufa uliochomelewa. Rangi hufunika pia namba ya fremu. Hata ukimwapia kwamba ulikuwa unaondoa kutu, ameshakata bei kichwani na hatakueleza amekata kwa nini. Atasema tu, "Hii imechoka, kaka," halafu atataja hela ya kukukasirisha.

Wauzaji wengi wa baiskeli wanapigana na uchakavu, wakati kinachowaangusha ni shaka. Uchakavu una bei. Tairi likilika, muuzaji na mnunuzi wote wanajua dukani linauzwa ngapi, na mnakubaliana papo hapo. Lakini mkwaruzo unaosikika kwenye habu ya nyuma hauna bei, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo mpaka ifunguliwe. Huenda ni gololi mbili zimepasuka, kazi ambayo fundi ataimaliza kabla chai haijapoa. Huenda habu nzima imeliwa. Mnunuzi hana sababu ya kukuonea huruma. Atachukua lile baya zaidi alilowahi kulisikia, alitoe kwenye bei yako, kisha aongeze kidogo la usumbufu. Kitu ambacho wewe ungekitengeneza kwa elfu chache, yeye atakukata makumi elfu, na kwa upande wake atakuwa na haki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye baiskeli za mkononi msemo huo haufanyi kazi. Kizuri hakijiuzi mpaka mnunuzi aamini kwamba ni kizuri, na kuamini huko lazima ukutengeneze wewe kabla hajafika.

Mzigo wa mnunuzi

Kwanza jua unamuuzia nani. Hapa Tanzania baiskeli zinazobadilishana mikono ni za aina tatu kubwa. Kuna zile nyeusi za tairi za inchi 28, zenye bomba la juu lililonyooka na breki za vyuma badala ya waya: Phoenix za Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule Punjab, na iliyozitangulia zote, Raleigh ya Nottingham. Wazee wanaikumbuka pia Swala, iliyotengenezwa nchini enzi za viwanda vya umma. Kuna mitumba ya Japani, yenye kikapu mbele na bomba la chini la kupandia mwenye gauni. Na kuna zile za gia, tairi pana za inchi 26, wanazozipenda vijana.

Zamani ile nyeusi ilikuwa ya kila kazi. Ndiyo iliyoanzisha usafiri wa bodaboda kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na ndiyo iliyobeba abiria Shinyanga kwa miaka mingi kabla pikipiki za bei nafuu hazijaingia na kuchukua abiria wote. Baiskeli ikabaki na mizigo: mkaa, maziwa, mikate ya asubuhi, samaki, maji. Madumu matano ya lita 20 yakijazwa ni kilo 100, na hapo mwendeshaji hajapanda. Mtu wa kazi hiyo haangalii kengele wala taa. Anatazama keria kama imeongezewa nondo na kuchomelewa vizuri, anatazama stendi kama itasimamisha mzigo bila kuyumba, kisha anainama kuhesabu spoku za nyuma. Baiskeli hizi zilirithi mtindo wa Kiingereza wa spoku 32 mbele na 40 nyuma, maana uzito wote huangukia nyuma. Zikikosekana tatu upande mmoja, rimu imeshaanza kuvutwa, na yeye anajua njia ya kwao ina mashimo mangapi.

Sasa keria hiyohiyo ya nondo mwonyeshe mzazi anayemtafutia mwanawe baiskeli ya kwenda shule ya kata. Yeye haoni nguvu. Anaona miaka ya magunia ya mkaa, anaona fremu iliyochoka. Wenye kujua biashara hii huifungua keria nzito wakijua mteja ni mzazi, wakaweka ile nyepesi iliyokuja na baiskeli, na ile ya nondo wakaiuza peke yake kwa muuza maji. Baiskeli imebaki ileile, ila kila mnunuzi ameondolewa kilichomtia wasiwasi.

Mitumba ya Japani ina shaka zake. Kubwa ni tairi. Tairi ya baiskeli nyingi za Kijapani za mjini imeandikwa 26 x 1 3/8, na ubavuni kuna namba nyingine ndogo, 37-590. Tairi ya baiskeli ya gia nayo imeandikwa 26, lakini namba yake huishia na 559. Hiyo 590 na hiyo 559 ni kipenyo cha rimu kwa milimita, na tofauti ya milimita 31 haifichiki: moja haiingii kwenye rimu ya nyingine hata fundi afanyeje. Wengi wamerudi nyumbani na tairi la inchi 26 lisilokaa. Kwa hiyo mnunuzi wa Mjapani atakuuliza, hata kabla hajashika usukani, kama tairi zake zinapatikana. Anayejibu "zinapatikana tu" amepoteza. Anayemwonyesha namba ubavuni na kumtajia duka la mjini wanaloziuza amefunga mjadala.

Kisha kuna kile kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu, kwenye bomba la siti. Watu hukibandua kwa kisu wakidhani ni uchafu. Ni alama ya usajili dhidi ya wizi, ambao Japani iliufanya kuwa wa lazima kisheria mwaka 1994. Miji ya huko hukusanya baiskeli zinazotelekezwa karibu na vituo vya treni, na zile zisizofuatwa na wenyewe baadhi huuzwa, nyingine zikaishia melini kuja Afrika. Kibandiko kikiwa mahali pake, mnunuzi anajua baiskeli hii ilishuka bandarini. Kikikwanguliwa pameachwa kovu, na kovu linauliza maswali.

Zile zenye mota ya kusaidia kukanyaga, kazi iliyoanzishwa na Yamaha mwaka 1993, ziogope kidogo. Hufika betri zikiwa zimekufa au hazipo kabisa. Bila betri unauza baiskeli nzito kuliko jirani yake, na heri useme hivyo mwenyewe.

Dakika tano za ukaguzi

Mnunuzi mgeni hubonyeza tairi kwa kidole gumba. Mzoefu hafanyi hivyo. Anakwenda nyuma ya baiskeli, anachutama, anafumba jicho moja na kutazama gurudumu la nyuma linavyolifunika la mbele. Likijitokeza upande mmoja, kuna kitu kimepinda. Anahamia mbele na kupitisha kidole chini ya shingo ya fremu, pale bomba la chini linapoungana na bomba la usukani. Baiskeli iliyowahi kugonga gari au mti huacha mkunjo mdogo hapo, na rangi ya kiwandani hupasuka juu ya mkunjo huo mistari myembamba. Ndiyo maana rangi ya asili, hata ikichakaa, ni shahidi wako. Ukiipaka juu umemnyamazisha.

Baada ya hapo anashika mikono ya pedali, mmoja kila kiganja, anaitikisa kushoto na kulia. Ikigonga, ama pini ya mkono imelegea ama gololi za katikati zimekwisha. Ananyanyua gurudumu la nyuma, anakanyagisha pedali kwa mkono, anaachia na kusikiliza. Gurudumu zuri huendelea kuzunguka kwa muda mrefu, friwili ikitoa sauti moja isiyobadilika. Likisimama ghafla, koni za ekseli zimekazwa kupita kiasi, na huenda muuzaji alizikaza jana usiku ili kuficha mtikisiko. Hila hiyo inajulikana kila kijiwe cha fundi baiskeli.

Cheni ina kipimo chake cha uhakika, na rula ya mwanafunzi inatosha. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi. Kwa hiyo hatua 24 ni inchi 12 kamili, kama sentimita 30.5. Pini zikilika, umbali huo unaongezeka, na ukifika sentimita 30.8 cheni imemaliza kazi. Mnunuzi asiye na rula huivuta kwa vidole pale mbele kabisa ya gia kubwa. Nusu ya jino ikionekana, anaiacha na kutikisa kichwa.

Yafanyie haya yote baiskeli yako mwenyewe siku kadhaa kabla ya kuitangaza, kisha ipeleke kwa fundi ukiwa na orodha fupi. Safisha habu na katikati, tia grisi na gololi mpya. Ni vitu vidogo: habu ya nyuma ya baiskeli nyeusi hubeba gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele 10 zilizo ndogo zaidi. Nyoosha rimu, jaza spoku zilizokatika, badilisha mipira ya breki. Basi. Usinunue tairi mpya kama zilizopo zina meno bado, kwa maana mnunuzi hatakulipa hela yote uliyoitoa. Siti mpya ni hasara tupu. Kila mtu ana makalio yake na atachagua yake. Cheni mpya peke yake ni hatari zaidi, kwa kuwa ikiwekwa juu ya friwili iliyolika itaruka meno mnunuzi akisimama kukanyaga, mbele ya watu, na hapo hata yale uliyoyatengeneza vizuri hayataaminika. Ama ubadilishe vyote viwili, ama uviache vyote viwili na useme.

Mwombe fundi akufungie gololi za zamani kwenye kipande cha gazeti. Zikiwa mfukoni, na mnunuzi akauliza habu imefunguliwa lini, unamfungulia gazeti akaone zilivyoliwa upande mmoja. Atazigeuza kiganjani kimya. Sijaona hoja ya mdomo inayoshinda hilo.

Kuosha, osha. Maji, sabuni na kitambaa kwa fremu, mafuta ya taa kidogo na brashi kwa cheni, kisha matone machache ya oili na kufuta. Cheni inayodondosha oili inamwambia mnunuzi kwamba umezima mlio.

Karatasi

Shaka ya kiufundi hupunguza bei. Shaka ya wizi huua biashara yenyewe, au hukuachia wanunuzi wa aina moja tu, wale ambao hawajali, na hao hawalipi vizuri. Mtu mwenye akili anajua kwamba hawezi kuwa mwenye mali kwa kuinunua kwa asiyekuwa nayo, hata kama alilipa hadi senti ya mwisho. Mwenyewe akijitokeza sokoni na polisi, baiskeli inaondoka na fedha haionekani tena. Na sheria zetu za jinai humtia hatiani anayepokea mali akijua imeibwa.

Risiti ya dukani ni dawa ya hofu hiyo, lakini ina ugonjwa wake. Tangu mashine za EFD zianze kutumika nchini mwaka 2010, risiti nyingi ni za karatasi inayochapwa kwa joto. Ukiiweka kwenye pochi au juu ya kabati lenye jua, baada ya mwaka mmoja au miwili unabaki na kipande cha karatasi nyeupe. Itoe nakala ya mashine siku ileile uliyonunua, au angalau ipige picha. Kama ilishafutika, rudi dukani. Mwenye duka wa kweli huwa na kumbukumbu na atakuandikia.

Isome namba ya fremu na kuiandika. Mara nyingi imegongwa chini ya kile kisanduku cha katikati zinapoungana pedali, kwa hiyo itabidi uipindue baiskeli isimame kwa siti na usukani, ufute tope lililoganda, na pengine upitishe chaki ili tarakimu zionekane. Namba hiyo iwe imeandikwa kwenye risiti, na kama haipo, iandike kwenye karatasi ya mauziano. Mnunuzi akikuona unaipindua baiskeli mwenyewe kumwonyesha namba kabla hajaomba, anatulia.

Asiye na karatasi yoyote, mathalani baiskeli ya urithi, aende kwa mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa akaombe barua fupi inayomtambua yeye na baiskeli yake. Wengi huona haya kufanya hivyo kwa kitu wanachokiona kidogo. Bei yake nayo itakuwa ndogo.

Bei, msimu na mahali

Kuhusu tarakimu yenyewe, kanuni ninayoiamini ni hii: chukua bei ya mpya ya aina ileile katika mji wako wiki hiyo, siyo bei uliyonunulia. Toa gharama ya vitu ambavyo mnunuzi atalazimika kuvinunua ndani ya mwezi wa kwanza. Kinachobaki, toa robo kwa sababu tu si mpya. Tuseme mpya ni shilingi 260,000, na yako inahitaji tairi mbili na waya za breki, jumla 40,000. Unabaki na 220,000. Toa robo, 165,000. Hiyo ndiyo bei unayopaswa kuondoka nayo. Ya kutaja iwe juu kidogo, 185,000 kwa mfano. Ukitaja 250,000 kwa kutegemea kushuka, mwenye hela halisi hatabaki kubishana. Ataenda dukani kuongeza elfu kumi.

Raleigh halisi za zamani haziingii kwenye hesabu hii. Watu wanaamini chuma chake, na kwa kweli fremu nyingi zimewazidi umri wenyewe. Zile zenye habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer huwa na mwezi na mwaka zimegongwa juu ya habu. Futa grisi usome. Mtu anayekuja kuuliza Raleigh anaitafuta Raleigh, hakuja kuokoa hela. Usimuuzie kwa bei ya Phoenix.

Halafu kuna msimu. Kule Shinyanga na Simiyu, pamba ikianza kununuliwa kuanzia mwezi Mei, wakulima wanashika fedha na baiskeli ni miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Bonde la Kilombero, ambako Ifakara ni mji wa baiskeli hasa, fedha hufuata mpunga baada ya masika. Mtwara na Lindi ni korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Baiskeli inayosumbua kuuzika mwezi Machi, mvua ikinyesha na maghala matupu, itagombewa miezi mitatu baadaye. Januari ni mwezi wa ajabu: wazazi wanahitaji baiskeli za wanafunzi kuliko mwezi wowote na hawana hela kuliko mwezi wowote. Ukiuza Januari, utasikia hadithi nyingi za nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Kubali kwa jirani unayemjua tu, na baiskeli ibaki kwako mpaka amalize.

Mahali pa kuuzia napo si jambo dogo. Kariakoo utakutana na winga, kijana mwenye maneno matamu atakayekuuliza unataka ngapi mkononi, halafu amuuzie mteja kwa bei yake na kubaki na cha juu. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila ujue kwamba mteja aliyelipa bei yote hiyo alikuwepo hatua kumi kutoka uliposimama. Duka la kununua mitumba litakulipa siku hiyohiyo, na litakulipa kidogo kwa sababu nalo linauza.

Mimi ningeipeleka kijiweni kwa fundi, chini ya mwembe wake, kwa sharti kwamba awe fundi wa watu unaotaka wanunue. Muuza maziwa humsikiliza fundi anayemzibia pancha kila juma kuliko atakavyokusikiliza wewe mwaka mzima. Fundi akisema "hii nimeifungua mwenyewe," nusu ya shaka imekwisha. Panganeni mapema atapata ngapi, kiasi maalumu, na ataje bei mliyokubaliana. Kuna mafundi ambao wateja wakifika huwaambia baiskeli ina matatizo, wiki mbili baadaye wakaomba kuinunua wenyewe kwa huruma. Pita pale mara kwa mara, kaa kwenye benchi, sikiliza anavyoisifu.

Simu nayo inauza, hasa Wajapani na za gia, ambazo wanunuzi wake wako mjini na kwenye makundi ya WhatsApp. Piga picha asubuhi, baiskeli ikiegemea ukuta usio na vurugu, upande wa cheni ukitazama kamera. Ongeza picha ya karibu ya friwili, ya ubavu wa tairi namba zikisomeka, na ya kile kidonda kibaya kuliko vyote, iwe kutu ya madigadi au siti iliyochanika. Andika bei. Neno "maelewano" bila tarakimu huwaita watu wenye muda, na unaowataka ni wenye hela.

"Mwisho ngapi?"

Swali hilo huja mapema, mara nyingi kabla ya salamu kwisha. Anayelijibu kwa tarakimu amejishusha, kwa sababu bei ya mwisho uliyoitaja sasa inakuwa bei ya kuanzia.

"Shikamoo mzee. Mwisho ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ipande kwanza, ndiyo tuongee."

Mwache aipande, lakini mwenzake abaki, au aache kitambulisho. Baiskeli zilizokwenda kujaribiwa zisirudi ni nyingi. Akirudi, usimwulize ameionaje. Mtajie wewe kasoro: tairi la mbele litahitaji kubadilishwa baada ya miezi michache, kengele hailii. Ukishasema wewe, hawezi kuzitumia kama ugunduzi wake, na zile nyingine ulizosema ni nzima anaziamini zaidi. Ndipo utaje 185,000. Atasema 130,000. Usikasirike na usiruke. Shuka kidogo kidogo, na kila unaposhuka uwe na sababu unayoitaja, ama sivyo ataona kwamba bei yako ilikuwa ya hewa.

Pampu, kufuli na keria ya ziada viweke ndani mpaka mwisho. Mkikwama 160,000 kwa 170,000, kutoa pampu ya zamani kunakugharimu kidogo kuliko kutoa elfu kumi, na mnunuzi huondoka akijisikia amepewa nyongeza. Nyongeza ina utamu ambao punguzo halina, kama mama muuza nyanya anavyojua akikudondoshea moja juu ya fungu.

Wakija wawili, mmoja akisifia na mwingine akiponda, ongea na anayesifia. Mwenye hela ni yeye.

Malipo ya simu yasubiri uone salio lenyewe likiongezeka. Ujumbe wa maandishi unaosema umepokea fedha unaweza kutungwa na mtu yeyote aliyesimama mbele yako akiwa na simu mbili. Fedha taslimu zihesabiwe mbele ya fundi au mjumbe, mchana.

Karatasi ya mauziano iandikwe nakala mbili kwa kalamu ya wino: majina kamili, namba za vitambulisho na simu, aina ya baiskeli, rangi, namba ya fremu, kasoro mlizozitaja, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi. Zile kasoro ziandikwe zote, hata kengele. Inatokea mnunuzi akarudi siku ya tatu akisema friwili inateleza. Kama karatasi inasema friwili imelika na aliona, mweleze kwa upole aitazame sahihi yake. Kama haisemi, nenda naye kwa fundi yuleyule, ifunguliwe mkiwa wote wawili, na mgawane gharama. Friwili moja kwa watu wawili si hela ya kugombana, na fundi atawaambia wenzake pale kijiweni baiskeli ile ilitoka kwa nani.